Ngozi Ilifika Salama

Mwinjilisti Herieli alipanda ndege mara moja tu maishani mwake, akaenda Ujerumani na kwaya, lakini ukimsikiliza utadhani ndege ile aliiunda yeye. Siku zote kabla ya safari ya mume wangu alikuwa akija kibandani kwangu Bagara, anaagiza kikombe cha mtindi, anakaa kwenye benchi, halafu anaanza. Huko juu hewa ni kavu, Mama Scola. Ngozi inajikunja kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani. Midomo inapasuka, macho yanawasha, pua inachuruzika damu. Na dawa yake ni moja tu, maji. Mtu anywe maji mengi, kila wakati, hata kama hana kiu.

Uvumilivu uliponiishia nilimwambia, "Mwinjilisti, Baba Scola akinywa maji mengi anakufa. Unataka tumzike akiwa na ngozi laini?"

Alimaliza mtindi wake, akaaga. Kesho yake akarudi na ushauri wa soksi.

Sikuwa na ugomvi na Herieli. Siku hizo nilikuwa na ugomvi na kila mtu mwenye figo nzima. Watu walikuwa wanapita barabarani na chupa za maji mkononi, wanakunywa nusu, nyingine wanamwaga chini ili kunawa vumbi miguuni, na mimi naona kama wananitukana. Ndivyo nilivyokuwa. Anayeniona mkorofi asubiri yamkute.

Figo za mume wangu Festo zilikufa zote mbili, polepole, huku tukidhani ni uchovu wa cherehani. Tangu hapo alikuwa mtu wa mashine. Tulikuwa tunapanda basi kwenda Arusha, anaunganishwa mirija, damu inatoka inasafishwa inarudi, tunapanda basi tunarudi Babati. Mtu wa mashine hakojoi. Maji anayokunywa yanabaki mwilini mpaka mashine iyatoe, na yakizidi yanaingia kwenye mapafu, anazama akiwa nchi kavu. Kwa hiyo kwa siku alikuwa na haki ya kikombe kimoja, na chai ilihesabiwa humo, na mchuzi pia. Mlinzi wa kikombe hicho nilikuwa mimi. Festo hakuwahi kuniomba nimwongezee hata siku moja. Nilikuwa nawasimulia wanawake wenzangu kanisani kwamba mume wangu ameizoea hali yake, na nilikuwa najisifu kidogo.

Kilichomtesa mbele ya macho yangu ni ngozi. Taka zinazobaki kwenye damu zinatafuta pa kutokea, basi mwili mzima unawasha, na unawasha kwa ndani, mahali ambapo kucha hazifiki. Ngozi yake ilikuwa kavu, inatoa unga ukiipitisha mkono. Alikuwa anajikuna mpaka damu. Nilijaribu losheni zote za madukani, zenye picha za watoto na zenye picha za maua, na zote zilimwongezea moto. Mwisho nikarudi kwenye kitu ninachokijua mimi muuza maziwa, mafuta ya kukamulia, yale tunayopaka chuchu za ng'ombe zisipasuke. Hayo ndiyo yalimtuliza. Kila jioni namfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, simsugui, halafu nampaka ngozi ikiwa bado na unyevu, mgongo, miguu, mikono. Anapumua kwa nguvu, anasema asante, analala.

Madaktari walimpa rufaa ya kwenda India kubadilishiwa figo, kwa sababu mishipa yake ilikuwa na matatizo yaliyotaka wataalamu wa kule. Figo alikuwa anaitoa mdogo wake, Rogath, mfugaji wa Mutuka. Tarehe ya kwanza ilishawahi kufutwa. Festo alikuwa amejikuna muundi wa mguu, pakafanya kidonda, kidonda kikatunga usaha, na daktari akasema hapana, mtu mwenye kidonda hapandikizwi figo. Dawa za kuilinda figo mpya zinaua kinga ya mwili, kidonda kidogo kinaweza kummaliza. Alituambia twende, tuponye ngozi, turudi. Tuliponya. Tukapata tarehe ya pili. Na sharti la safari hii lilikuwa lile lile: afike huko akiwa hana hata mkwaruzo.

Sasa umpeleke mtu wa namna hiyo kwenye hewa kavu ya Herieli, ndege mbili, mchana kutwa na usiku kucha, bila mimi. Nafasi ya msindikizaji ilikuwa moja, na mwenye kutoa figo ndiye wa lazima. Mimi nilikuwa na figo zangu mbili nzuri ambazo madaktari walishazipima wakasema damu zetu hazipatani. Miaka yote ya ndoa hatukuwahi kujua kwamba hatupatani.

Nilimwita Rogath aje Bagara kufundishwa. Rogath ni mtu mkubwa, mlango wetu anaingia kwa upande, na ana mikono ya mtu aliyekamua tangu utotoni. Nilimvua Festo shati sebuleni, nikamwonyesha mdogo wake kila kitu. Kitambaa kwanza. Usisugue, gandamiza. Mafuta kidogo, usimwage. Anza mabegani, teremka. Rogath alisimama katikati ya chumba, mikono ameificha nyuma.

"Shemeji, mimi nimpapase kaka? Mbele za watu?"

"Utampapasa nani sasa, rubani?"

"Huyu ndiye aliyenilea baada ya mzee kufariki. Hata kichwani sijawahi kumgusa."

"Figo yako inakwenda kukaa tumboni mwake, Shemeji. Mgongo ndio unauonea aibu?"

Festo alicheka mpaka akakohoa. Rogath akaja, akachukua mafuta, akampaka kaka yake huku ameangalia ukutani kwenye kalenda ya kanisa. Lakini mikono ilikuwa inajua. Ilikuwa inateremka polepole, inarudi, bila pupa, na nikamwona Festo anafumba macho. Nilifurahi, na papo hapo nikaona wivu, nikaenda jikoni kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Ngozi tukaimaliza. Nilimkata kucha mpaka nyama ikaonekana. Mafuta niliyagawa kwenye vikopo vidogo ili wasinyang'anywe uwanja wa ndege. Soksi za pamba nilizipata, za kuvaa mikononi akisinzia, na hapo nakiri Herieli alisaidia. Likabaki suala la maji.

Na hilo lilikuwa gumu kuliko ngozi, kwa sababu ya marehemu mzee Konstantini, baba yao. Mzee yule aliwalea wanawe kwamba kikombe alichokuletea mwenye nyumba hakirudi kikiwa kimejaa. Ukikirudisha umemwambia mwenye nyumba kwamba unaogopa sumu yake. Kuna mtu Mutuka alikataa kikombe cha mzee siku ya barua ya posa, na posa ikaishia hapo. Hao wanaume wawili walikuwa hawajakataa kinywaji cha mtu tangu wazaliwe. Nyumbani ilikuwa rahisi, hakuna aliyemletea Festo kitu bila kupitia kwangu, na watu wa Bagara walishanijua. Ndani ya ndege mwenye nyumba ni binti mwenye sinia, na Herieli alisema binti huyo hachoki.

Basi nikawa binti wa ndege. Nilijifunga kitenge kipya, nikachukua sinia, nikaweka glasi mbili za maji, nikawakalisha kwenye kochi bega kwa bega. Herieli alikuwepo, akaniambia nitabasamu, wale wanatabasamu. Nikatabasamu. Nikainama mbele ya mume wangu.

"Maji, baba?"

"Asante sana, mama, Mungu akubariki," alisema Festo, na mkono ulikuwa umeshafika kwenye glasi.

Nilimpiga kofi kiganjani. Tukaanza upya. Nilimfundisha kutikisa kichwa na kuweka mkono kifuani, aonekane anashukuru huku anakataa. Mara ya pili alitikisa kichwa vizuri, akaweka mkono wa kushoto kifuani, na wa kulia ukachukua glasi. Rogath yeye alipokea bila hata kujaribu, akanywa yote, akanirudishia glasi kwa mikono miwili.

"Shemeji, ukitabasamu hivyo mtu atakataaje?" alisema.

Herieli alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Mimi nilianza kucheka nikaona nataka kulia. Nilikaa chini na sinia langu. Nikawaambia kwamba sichezi, kwamba kule angani hakuna mashine ya Arusha, kwamba maji yakipanda kifuani hakuna mahali pa kushuka.

Rogath akafikiri sana. Akasema, "Fanya hivi. Akija na sinia napokea zote mbili, yangu na ya kaka. Ya kaka nakunywa mimi. Binti hajafedheheka, kaka hajanywa."

Sikuona njia nyingine, nikakubali. Festo alikuwa anaitazama ile glasi iliyobaki kwenye sinia, na mimi nikaitoa pale.

Siku ya kuondoka niliwasindikiza mpaka stendi. Festo alikuwa amevaa shati la pamba alilolishona mwenyewe, na nilimvalisha likiwa limegeuzwa ndani nje ili mishono isimkwaruze. Fundi cherehani mzima. Kila aliyemwona pale alimwambia, "Fundi, umevaa shati vibaya," naye alikuwa anajibu kwamba ndiyo fasheni ya India. Walipanda Noah ya kwenda uwanjani, Rogath akiwa na begi la vikopo mapajani kama amebeba mayai. Festo alinishika mkono dirishani, akaniambia nisisahau kuziba pale mvua inapovuja juu ya cherehani. Nilijibu nitaziba. Gari likaondoka.

Kuanzia hapo sikuwa na kazi. Nilikuwa na kazi, maziwa yalikuja kutoka Sigino asubuhi kama kawaida, niliyachemsha, niligandisha, niliuza. Lakini mikono yangu ilikuwa inajua kwamba jioni haitapaka mtu. Nilikuwa napiga simu huku najua haipatikani, nasikiliza yule dada anavyosema mteja hapatikani kwa sasa, nakata, napiga tena. Nilikuwa najiuliza sasa hivi wako juu ya nini, juu ya bahari, juu ya jangwa, na yeye anawashwa au hawashwi. Hakuna wa kumwuliza. Ukiwa na mgonjwa wodini unaweza kugombana na nesi. Nani anagombana na anga?

Herieli alikuja, akaagiza mtindi, akakaa. Nilimwambia asinisimulie kitu. Hakunisimulia. Alikaa tu mpaka nikafunga kibanda, na kesho yake asubuhi akaja tena akakaa, na kwa hilo nikamsamehe Ujerumani yote.

Simu iliita nikiwa nampimia mteja maziwa. Namba ilikuwa ndefu ya ajabu. Nilipokea kwa mkono wenye maziwa.

"Shikamoo, Shemeji."

"Marahaba. Mmefika?"

"Tumefika. Tuko hospitali. Shemeji, ngozi imefika salama. Madaktari wamemkagua mwili mzima, mgongo, miguu, kila mahali. Hakuna hata mkwaruzo."

Nilipiga kelele. Mteja alidhani kuna msiba. Nilimwambia Herieli hakuna hata mkwaruzo, na yeye akasimama akapiga makofi pale pale kwenye benchi. Rogath alikuwa anaendelea kusimulia, mbiombio. Mwanzo alimpeleka kaka yake chooni akampake huko kwa siri, wakaingia wawili, mlango ukagoma kufungika, kwa sababu choo cha ndege ni kama kabati. Wakarudi kwenye viti. Mama mmoja wa Kihindi aliyekaa jirani alimwona mgonjwa anavyojipindapinda, akavua mtandio wake, akaushika kama pazia. Nyuma ya pazia hilo Rogath akampaka kaka yake mbele za watu, na akampaka tena, na tena, mpaka vikopo vikabaki vitupu.

"Nilimpaka kama nakamua, Shemeji. Taratibu. Hakujikuna hata mara moja."

"Mungu akubariki, Rogath. Nipe niongee naye."

Nilisikia sauti za watu wa kule wakiitana, na kitu fulani kinalia pii, pii.

"Lakini, Shemeji," alisema.

Nilijua kabla hajaendelea. Nikakaa juu ya ndoo.

Alifanya kama tulivyopanga. Binti alipoleta maji alipokea yote mawili, akanywa yote mawili. Binti akaona hawa wazee wana kiu, akazidisha kuja. Kila alivyokuja Rogath alikunywa, kwa sababu kikombe hakirudi, na baada ya muda ikawa lazima aende chooni, na foleni ya choo ilikuwa ndefu, na akirudi binti anakuja tena, na yeye anakunywa na kuondoka tena. Nusu ya safari aliisimamia kwenye foleni. Kila alipokuwa kwenye foleni, kiti cha kaka yake kilikuwa hakina mlinzi. Akirudi anamkuta kaka ametulia, amefumba macho, soksi mikononi, akawa anamshukuru Mungu. Kwenye ndege ya pili ikawa vile vile. Walipotua Festo alishindwa kusimama. Miguu ilikuwa imejaa, kifua kinatoa mlio.

"Madaktari wanasema maji yako kwenye mapafu. Wamemweka kwenye mashine. Ile tarehe ya upasuaji wameifuta. Wanasema kwanza avuke hii."

"Atavuka?"

"Hawajasema, Shemeji."

Nilimtukana. Nilimwita Rogath majina ambayo sitayarudia, mbele ya mteja na mbele ya mwinjilisti. Nilimwuliza ana akili gani, nilimwuliza kichwa chake kina kazi gani hapo juu kama si kumlinda mtu mmoja aliyekaa kiti cha pembeni yake. Hakujitetea. Nilisikia analia, mwanaume mkubwa vile, analia kwa sauti kwenye nchi ya watu.

"Nilikunywa, Shemeji," alikuwa anasema. "Nilikunywa mpaka tumbo likauma."

Hasira ikaniishia mara moja, na ilipoisha nikaona hapakuwa na kitu kingine chini yake. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo Bagara. Ningeweza kusimama, ningeweza kukimbia mpaka stendi, ningeweza kupiga magoti, na yote hayo yangekuwa sawasawa.

"Anataka kuongea na wewe," alisema Rogath. "Wamesema kidogo tu."

Nilisikia simu inasogezwa. Nikasikia pumzi, fupi, kila moja inavutwa kwa shida kutoka mbali. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno. Tulifanya mazoezi, Baba Scola. Mkono kifuani, unatikisa kichwa. Ni kitu gani kigumu hapo? Heshima ya mzee Konstantini ndiyo itakayokuua?

"Mama Scola," alisema.

"Abee."

"Usimgombeze Rogath."

"Simgombezi."

"Si mambo ya mzee." Akapumzika. "Kukataa ningeweza. Ulinifundisha vizuri."

Herieli alikuwa amevua kofia yake ameishika magotini.

"Yule binti hakujua naumwa," alisema Festo. "Alikuja, akaniuliza tu kama nataka maji. Kama anavyomwuliza mtu." Mashine ililia, pii, pii. "Nilikuwa na kiu, Hosiana. Muda wote huo nilikuwa na kiu."

Hakuwa ameniita Hosiana tangu Scola azaliwe. Maneno yote niliyokuwa nimeyashika mdomoni sikuyaona tena. Nililia, na nilijitahidi asisikie, na nadhani alisikia.

"Yalikuwa ya baridi?" nilimwuliza.

"Ya baridi," alisema. "Yalikuwa na barafu."